Kukisoma Kisu Kabla ya Kutaja Bei

Mhadhara wa hadhara, Kikoneni, Kaunti ya Kwale

 

Mada yetu leo ni kitu kidogo kwa umbo: kisu cha kukunja, kile kinachoingia mfukoni. Sisemi kisu chochote. Nasema kile cha daraja la juu, kilichokwisha kutumika, kikafika mikononi mwa mtu ambaye hakukinunua dukani na hana anayemwelekeza. Nataka tujifunze kukitambua, kisha tujifunze kukadiria thamani yake. Na nyuma ya mafunzo hayo lipo jambo moja ninaloliamini kwa dhati: bei ya haki huzaliwa na ujuzi unaoweza kuonyeshwa mbele ya mtu mwingine. Mwenye ujuzi huo hujadili bei. Asiyekuwa nao hupewa bei, akashukuru.

Kwa nini tulizungumze hapa

Vijana wengi wa wadi hii ya Pongwe/Kikoneni hutafuta riziki ufukweni: hoteli za Diani, boti zinazopeleka wageni Kisite na Mpunguti kutoka Shimoni, nyumba za wageni waliohamia. Mgeni akifurahi hutoa zawadi. Mkaazi anayerudi kwao Ulaya huuza vitu vya nyumba kwa haraka, na masanduku ya vifaa huenda kwa bei ya jumla. Ndivyo kisu kilichotengenezwa Idaho, Marekani, au Seki, Japani, kinavyofika Ukunda, kikateremka hadi Msambweni, kikaishia huku kwetu kikikata kamba za magunia. Kukata kamba si aibu kwa kisu. Dhulma ni pale mwenyewe anapokiuza kwa bei ya kisu cha jikoni, na mnunuzi akakiuza tena mbali kwa bei ambayo muuzaji wa kwanza hatawahi kuisikia.

Kuna sababu ya pili, nayo ni nzito zaidi. Visu vingi vya juu vya zama hizi vina mpini wa titani. Mchanga wa Maumba na Nguluku, hapa jirani, ulichimbwa na kampuni ya Base Titanium ukatoa ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Shehena ya kwanza iliondoka kupitia Likoni Februari 2014, na uchimbaji ukafikia mwisho Desemba 2024. Ilmenaiti na rutaili ndizo mawe ya titani. Sehemu kubwa ya mawe hayo duniani husagwa ikawa unga mweupe wa rangi za kuta, karatasi na plastiki. Sehemu ndogo tu huyeyushwa ikawa metali ya kuundia ndege, vipandikizi vya mifupa na vipini vya visu. Tazameni pia Mlima Mrima. Ndani yake mna metali iitwayo niobi. Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni ya Cortec ya kuichimba, na mwaka 2018 baraza la usuluhishi la kimataifa likayatupa madai ya kampuni hiyo dhidi ya Kenya. Niobi, kwa kiasi kama cha nusu ya asilimia moja, imo katika feleji iitwayo S35VN, ambayo imetumika kwenye visu vya kukunja vinavyosifiwa mno.

Sidai kwamba kipo kisu chenye mchanga wa Nguluku ndani yake, wala Mrima haujachimbwa kibiashara. Ninachosema ni kwamba tumekaa juu ya mali ghafi ya vitu ambavyo, vikiturudia vimekamilika, hatuwezi kuvitambua. Gharama ya metali iliyomo ndani ya kisu cha dola 400 ni sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Iliyobaki ni ujuzi: kuchanganya, kupasha moto, kukata kwa kipimo chembamba kuliko unywele, kukagua, na kulinda jina. Tukijifunza kuusoma ujuzi huo katika kitu kilichokamilika, tutaelewa pia thamani ilikuwa inaongezwa wapi miaka yote ile malori yalipokuwa yakipita.

Na wala hatuanzi patupu. Mgema yeyote hapa anajua kuichagua kotama. Huigonga akasikiliza mlio, hupitisha kidole gumba juu ya makali yake, huuliza imefuliwa na mhunzi gani, na hutazama kama kipini kimeshika. Hayo ndiyo maswali yetu ya leo. Tunayapeleka tu kwenye chombo ambacho mhunzi wake yuko mbali.

Nasaba ya kisu

Huwezi kukitambua kisu bila kujua ukoo wake, na ukoo huu una miji michache mikubwa.

Sheffield, Uingereza, ina chama cha mafundi visu kilichoundwa mwaka 1624. Nyumba ya Joseph Rodgers ilijulikana kwa alama yake ya nyota na msalaba, na visu vyake vilisafiri na maofisa na walowezi katika makoloni yote ya Waingereza. Kwenye bapa la Rodgers la zamani huenda mkaona taji na herufi mbili za mfalme au malkia: V na R kwa Victoria, aliyefariki 1901, E na R kwa Edward aliyemfuata, G na R kwa akina George. Herufi hizo ni kalenda iliyochongwa chumani.

Solingen, Ujerumani, ni mji ambao jina lake limelindwa kisheria tangu 1938, kwamba lisiandikwe juu ya kisu kisichotengenezwa katika eneo lile. Kutoka Ujerumani kilitoka pia Okapi, kisu kilichoanza kutengenezwa mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani Afrika. Tukumbuke kwamba ng'ambo ya Lunga Lunga, kuanzia Horohoro, ilikuwa ardhi ya mojawapo ya makoloni hayo. Okapi ana mpini wa mbao wenye nusu mwezi na nyota za metali, na pete mgongoni ya kufungulia komeo. Mwaka 1988 jina na mitambo vilinunuliwa na kampuni ya Afrika Kusini, na tangu hapo hutengenezwa huko. Okapi wa leo ni kisu cha kazi cha bei nafuu. Lakini Okapi wa zamani mwenye muhuri wa Ujerumani, akiwa mzima, ni kitu kingine machoni pa mkusanyaji, ingawa kwa mtazamaji wa haraka wawili hao ni ndugu pacha.

Uswisi ilituletea Victorinox. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884, akaanza kulihudumia jeshi 1891, na kisu chake cha maofisa kikasajiliwa tarehe 12 Juni 1897. Kile cha askari chenye mpini wa alumini, kilichoanza 1961, kilipigwa muhuri wa mwaka, tarakimu mbili, kwenye shina la bapa kubwa hadi 2008. Kwa hiyo mtu mwenye kisu hicho hana haja ya kubahatisha umri wake.

Kisha ukaja wakati wetu. Mwaka 1981 kampuni ya Spyderco ya Golden, Colorado, ilitoa kisu chenye tundu la duara kwenye bapa, la kufungulia kwa kidole gumba kimoja, na klipu ya kukishikiza mfukoni. Chris Reeve, fundi wa Durban, alihamia Boise, Idaho, mwaka 1989, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akatoa kisu kiitwacho Sebenza. Mpini wake ni vibao viwili vya titani, na komeo limekatwa kutoka kwenye kibao chenyewe: ulimi wa titani hujisukuma nyuma ya bapa na kulizuia lisifunge. Muundo huo umeigwa na watengenezaji wengi duniani. Kwa kuwa ni miongoni mwa visu vinavyoghushiwa sana, ndicho nitakachokitumia kama mfano mkuu leo.

Jinsi ya kukisoma

Kwanza, tulizeni mikono. Kisu kikifika, msikisugue kwa msasa, msikipeleke kwa mwenye grainda, msikipake kitu cha kung'arisha. Futeni vumbi kwa kitambaa kikavu, mkitazame kwa mwanga wa mchana. Kamera ya simu ikivuta karibu inatosha kuwa lenzi.

Anzeni kwenye shina la bapa, pale linapoingia mpinini, kisha mtazame pande zote mbili za bapa. Tafuteni vitu vitatu: jina au alama ya mtengenezaji, mahali kilipotengenezwa, na jina la chuma. Spyderco, kwa mfano, huandika mahali: vipo vya Golden, vya Seki huko Japani, vya Taichung huko Taiwan na vya Maniago huko Italia. Visu vya zamani vilivyokusudiwa soko la Marekani baada ya 1891 vilitakiwa na sheria ya forodha kubeba jina la nchi vilikotoka. Basi kisu cha kale chenye neno la nchi na kile kisicho nalo huenda ni vya vizazi viwili tofauti.

Jina la chuma ni ushahidi wa umri pia. Sebenza za mwanzo zilikuwa na ATS-34, zikafuatwa na BG-42. Mwaka 2001 ikaja S30V, ambayo Reeve mwenyewe alishiriki kuiunda pamoja na kampuni ya Crucible. Baadaye ikaja S35VN, ile yenye niobi. Mwaka 2020 ikaingia S45VN. Na karibuni MagnaCut, iliyobuniwa na mwanametalujia Larrin Thomas. Mtu akikuambia kisu ni cha 1995 na chuma chake ni S35VN, hapo hapana mjadala: ama tarehe si ya kweli, ama bapa si lake.

Baada ya muhuri, nendeni mpinini. Titani ni ya kijivu, nyepesi, na haishikwi na sumaku. Lakini tahadhari: chuma cha pua cha aina fulani nacho hakishikwi na sumaku, kwa hiyo sumaku peke yake haiamui. Kipimo cha kuaminika ni uzito kwa ujazo, na kila mwanafunzi aliyesoma kuhusu Archimedes anaweza kukifanya. Sebenza imeundwa ifunguliwe na mwenyewe kwa ufunguo wa Allen unaokaa sawasawa. Toeni kibao kimoja, mkipime gramu zake. Wekeni glasi ya maji juu ya mizani ya dijitali, mrudishe mizani kwenye sifuri, kisha mkitumbukize kibao kikining'inia kwa uzi, kimezama chote, bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni ujazo wa kibao kwa sentimita za ujazo. Gawanyeni uzito kwa ujazo. Titani ya visu hutoa takriban 4.4. Chuma hukaribia 8. Alumini ni 2.7. Kama namba ni 7.9 na mtu ameapa kwamba ni titani, mizani imeshajibu.

Kwa visu vingine msifungue ovyo. Skrubu iliyochubuka kwa bisibisi isiyofaa hushusha bei, na watengenezaji wengine huondoa dhamana kisu kikishafunguliwa.

Sasa komeo. Fungueni bapa mpaka lishike. Kwa kisu cha ulimi wa titani, tazameni ulimi umeingia kiasi gani nyuma ya bapa. Ukigusa sehemu ya kwanza ya upana mpaka nusu, hali ni njema. Ukiwa umevuka wote mpaka ng'ambo, umechakaa au umetengenezwa vibaya. Shikeni mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa bapa kwa mwingine, mjaribu kulitikisa juu na chini, kisha kushoto na kulia. Bapa la kisu cha juu halichezi. Lifungeni: linatakiwa lilale katikati ya vibao bila kuegemea upande. Sikilizeni na mwendo wake. Sebenza huzunguka juu ya washa za bronzi, na mwendo wake ni mzito kidogo, laini, usio na mkwaruzo.

Kumtambua bandia

Bandia wa leo si wa kudharauliwa. Wapo waliotengenezwa kwa titani halisi, na kipimo cha maji hakitawakamata. Kwa hiyo kila kipimo nilichotaja kina kazi ya kuondoa shaka moja, na hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake.

Angalieni uthabiti wa herufi: kina chake, nafasi kati yao, kingo zake. Linganisheni na picha za mtengenezaji mwenyewe, si picha za muuzaji. Kagueni ndani ya mpini, mahali ambapo mghushi huamini mnunuzi hatafika. Fundi wa kweli husafisha na mle ndani, wala haachi kingo zenye chembe za kukwaruza. Tazameni kama skrubu ni za aina moja na ile inayotumiwa na kampuni. Tazameni kama chuma kilichoandikwa kiliwahi kutumika kwenye muundo ule. Mwisho, andikeni barua kwa mtengenezaji mkiambatisha picha. Kampuni zenye heshima hujibu, na hukataa kuhudumia kisu ambacho si chao. Jibu hilo likichapishwa na kuwekwa pamoja na kisu, huongeza bei kuliko maneno yoyote ya sokoni.

Mkigundua kwamba chenu ni bandia, kitumieni shambani mkipenda, lakini msikiuze kwa jina la mwingine. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, na mamlaka yake inafanya kazi Mombasa kama inavyofanya Nairobi.

Hali, na kile kisichorudi

Watu wengi hupima kisu kwa makali. Hulipitisha bapa kwenye karatasi, likikata wanafurahi. Makali ni jambo la mwisho kutazamwa, kwa sababu hurudi kwa kinoo na saa moja ya subira. Kisichorudi ni chuma kilichosagwa.

Basi tafuteni chuma kilichopotea. Linganisheni upana wa bapa na vipimo alivyovitangaza mtengenezaji. Tazameni ncha: imeviringika, imekatika, imechongwa upya? Kisu kikiwa kimefungwa, ncha imezama ndani kuliko kawaida? Mstari wa makali umenyooka, au una mawimbi ya mtu aliyenoa kwenye mashine? Je, kuna rangi ya buluu au ya samli iliyoungua karibu na makali? Hiyo ni alama ya moto wa grainda. Moto ule hulegeza ugumu ambao kiwanda kiliuweka kwa uangalifu mkubwa, na hakuna kinoo kitakachourudisha.

Huku pwani tuna adui wa ziada, chumvi. Chuma cha pua hukawia kushika kutu, hakikatai. Kisu kilichokaa kwenye boti Shimoni kinaweza kung'aa juu, na chini ya klipu, kwenye washa na ndani ya tundu la skrubu mkakuta vishimo vidogo vya kutu. Doa la juu hufutika kwa mafuta. Kishimo hakifutiki.

Kwa visu vya kale vya chuma cha kaboni, ule weusi wa kijivu unaotanda sawasawa juu ya bapa ni wa umri, si uchafu. Mkusanyaji huulipia. Atakayeusugua mpaka ung'ae amefuta miaka themanini kwa dakika kumi, na bei imeshuka papo hapo.

Ninapendekeza tuzungumze kwa madaraja manne yanayoeleweka: hakijatumika, kimetumika kidogo bila kunolewa, kimetumika na kutunzwa, kimechoka. Muuzaji ataje daraja na aonyeshe sababu zake.

Kisha karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa methali hiyo ina thamani ya shilingi halisi. Sebenza hutoka kiwandani na kadi yenye tarehe ya kutengenezwa. Kisanduku, kadi, kitambaa na ufunguo wake vikiwepo, mnunuzi wa mbali huwa na hofu ndogo, na hofu ikipungua bei hupanda.

Hesabu ya bei

Bei zipo mbili, na wengi huzichanganya: bei inayotakwa na bei iliyolipwa. Mtu anaweza kutaka dola 1,000 kwa kisu chake mwaka mzima bila kupata mnunuzi. Tafuteni zilizolipwa, za muundo ule ule, chuma kile kile na daraja lile lile, za miezi ya karibuni.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mmepata mauzo matatu yaliyokamilika ya kisu kama chenu: dola 310, 320 na 345. Shikeni ya katikati, 320. Chenu kimenolewa vibaya upande mmoja; mnunuzi atalipia kukirekebisha na amepoteza chuma kidogo, ondoeni 60. Zimebaki 260. Mnunuzi yuko ng'ambo. Usafirishaji na ada za malipo vinachukua 60 nyingine. Zimebaki 200. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni shilingi 25,800. Hicho ndicho kiwango chenu. Mtu wa Diani atakayekuja kukichukua kwa mkono wake na kulipa kwa M-Pesa anaweza kulipa zaidi kidogo, maana hakuna posta. Lakini anayekupa shilingi 1,500 na kusema anakusaidia, sasa una karatasi ya kumwekea mbele.

Tazameni uzuri wa hesabu hii: kila tarakimu ina sababu, na kila sababu inaonekana kwa macho. Mnunuzi akitaka kuipunguza, na aonyeshe kasoro ambayo nyinyi hamkuiona. Akiionyesha, punguzeni bila kinyongo. Huo ndio mjadala wa bei kati ya watu wanaoheshimiana.

Na kabla ya kukipeleka kokote, ulizeni masharti ya msafirishaji. Wengine hawapokei visu kabisa, na kwenye ndege hakiingii na abiria.

Haki ya kukiuza

Hili linakuja mwisho kwa mpangilio, lakini kwa uzito ni la kwanza.

Kisu hiki ni cha nani? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inachukulia kwamba muuzaji ana haki ya kuuza anachouza. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayepokea au kuuza mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kujua. Bei ya chini mno ni mojawapo ya sababu za kujua. Kijana unayefanya kazi hotelini, mgeni akikupa zawadi, mwombe aandike mistari miwili: jina lake, tarehe, kitu alichokupa, sahihi. Kikaratasi hicho kitakulinda getini siku hiyo, na kitamtuliza mnunuzi siku utakapouza. Kisu kilichosahaulika chumbani ni amana, na amana hurudishwa.

Tazameni mpini wa visu vya kale. Sheffield ilitumia pembe za ndovu kwa wingi. Ukikutana na mpini wa rangi ya maziwa, tazama mahali ulipokatwa: pembe ya ndovu huonyesha mistari myembamba inayokatana kama wavu, mfupa huwa na vitone vidogo vyeusi, na plastiki haina kimojawapo. Ikiwa ni pembe ya ndovu, kisu hicho hakina bei Kenya. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haimwachi anayeifanyia biashara, na faini zake zimeandikwa kwa mamilioni. Kipelekeni kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Sisi tunaoishi na ndovu wa Shimba Hills na Mwaluganje, wanaovunja migomba yetu na kutuumiza, tuna kila sababu ya kuwalalamikia. Hatuna sababu ya kuwauza.

Tena kuna aibu ya bidhaa, yaani kasoro yake. Masheikh wetu wametufundisha kwamba muuzaji ana wajibu wa kuitaja kasoro anayoijua, na mnunuzi aliyefichwa ana khiyari: akirudishe kitu au akikubali. Fundisho hilo lilikuwapo katika masoko ya pwani hii kabla ya bunge lolote kukaa Nairobi. Kwenye biashara ya kisu cha juu lina faida ya waziwazi pia: muuzaji anayepiga picha kutu kabla ya kupiga picha ung'avu huaminiwa, na anayeaminiwa mara moja huuza mara ya pili.

Tufanye nini

Nina maombi matatu. La kwanza kwa walimu: ule mtihani wa maji na mizani ufanyeni darasani kwa vitu halisi, kwa kitasa, kwa bolti, kwa kisu. Mtoto atakayegundua kwa hesabu yake kwamba kitu alichoambiwa ni titani ni chuma, hatadanganywa kirahisi ukubwani, awe anauza kisu au anasoma mkataba wa mgodi.

La pili kwa wafanyabiashara wa soko letu: tuwe na daftari moja la wazi. Kila kitu cha thamani kinachouzwa kiandikwe: ni nini, alama zake, daraja lake, kimetoka kwa nani, kimelipiwa kiasi gani. Baada ya muda daftari hilo litakuwa ushahidi wetu wenyewe wa bei zilizolipwa, na hatutategemea tena neno la mpita njia.

La tatu kwa vijana: ujuzi huu msiufiche ili mnunue vitu vya wazee wenu kwa bei ndogo. Mzee akikuletea kisu asichokijua, mwambie ni nini kabla hujamwambia unampa ngapi. Ukianza na bei umemnyang'anya nafasi ya kujua.

Mizani, lenzi, funguo za Allen na glasi ya maji viko hapa mezani. Mwenye kisu mfukoni na akilete, tukisome mbele ya watu wote.